Jeraha la Mtoto Halifungwi kwa Sentensi Moja

Tangu Kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu Mei 2024, na maji yakaikata barabara ya Lindi wilayani Kilwa, si ajabu kuwapo mtoto ambaye wingu likitanda hukimbilia uvunguni. Hadithi za kutungwa juu ya watoto kama huyo tunazihitaji, ila kwa sharti moja: zisimponye upesi.

Mara nyingi mtunzi humsomesha mama Ayatul Kursiy, na kulipokucha hofu imekwisha. Dua ni ngao yetu, wala hatuidharau. Lakini mzazi ambaye mwanawe angali akikojoa kitandani mwezi wa tatu ataisoma hadithi hiyo adhani imani yake ina kasoro, au ashike fimbo.

Nabii Yaaqub (a.s.), mwenye subira njema, alimlilia Yusuf hadi macho yakaingia weupe. Huzuni yake haikuitengua subira yake.

Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, katika riwaya ya Afterlives (2020) anamsimulia Afiya, binti aliyepigwa na mlezi wake hadi mkono ukavunjika, kwa kosa la kujua kuandika. Anapata nyumba yenye huruma, anakua, anaolewa. Mkono haurudi kama zamani.

Basi, ndugu waandishi, tuonesheni mama aachaye taa ikiwaka, maalimu asiyemchapa mtoto kwa kushtuka, na baba ampelekaye hospitali kwa mshauri, tena na tena. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta tiba. Kuchelewa kupona si kukataliwa kwa dua.