Jedwali la Makundi Linatupeleka Sapu

Wanakemia wenzangu, tuambiane ukweli. Ikifika wiki ya mitihani, desa linalozunguka kuliko yote kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ni lile jedwali la safu mbili: makundi yanayoelekeza otho na para upande huu, yanayoelekeza meta upande ule. Tunalimeza kama dawa. Mimi nasema tulichane.

Swali lililonipeleka sapu lilikuwa fupi: anilini ikitiwa naitro kwa mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya salfuriki, unapata nini? Nikaandika otho na para, nikapiga mstari, nikatoka nacheka. Kumbe karibu nusu ya zao, kama asilimia 47, huwa meta. Kwenye asidi kali hivyo kundi la amino hudaka protoni. Ile jozi ya elektroni lililokuwa likiikopesha pete inafungwa, na kundi lenyewe linabaki na chaji chanya, linavuta. Jedwali halikuniambia hayo.

Na hoja yenyewe ni moja tu, jamani. Kinachoishambulia pete kina njaa ya elektroni. Kikishika, pete inabaki na chaji chanya. Kikishika otho au para, sehemu ya chaji hiyo inaangukia kaboni ileile iliyobeba kundi la awali. Kikishika meta, haifiki pale. Basi uliza: kundi hilo likiletewa chaji chanya mlangoni, litaituliza au litazidisha balaa? Methili hutuliza, ndiyo maana toluini hupokea naitro kama mara 25 haraka kuliko benzini, na meta haifiki hata asilimia 5. Naitro huzidisha, hivyo ya pili hukimbilia meta. Klorini (huyu ndiye anayetuchanganya wengi) huvuta kwa mkono mmoja na kukopesha kwa mwingine: mmenyuko unapungua kasi, lakini bado unakwenda otho na para.

Yote hayo unayachora kwa dakika chache. Walimu wetu, tunawaomba: kwenye semina msitupe orodha tena, tupeni molekuli ambayo haimo kwenye madesa. Nanyi wa mwaka wa kwanza mnaoniomba lile jedwali kila wiki, situmi. Njooni Jumamosi na karatasi tupu, tuanze na anilini.