Kompyuta nayo isomwe lebo

Zamu za usiku zimenibana, ila leo nina dukuduku, acheni nilitoe.

Sisi manesi tunafundishwa mapema: huchomi sindano kabla hujasoma lebo. Jina la dawa, nguvu yake, tarehe ya mwisho. Hata mwenzako akikuapia kuwa ndiyo yenyewe, unasoma mwenyewe. Sasa kwa nini kompyuta ya wodini tunaikubali kwa maneno matupu?

Majuzi hapa Uingereza kompyuta mpya ya wodi yetu iligoma kuleta majibu ya maabara. Tulikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa figo, tunasubiri potasiamu yake, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Nikapiga simu maabara, wakanisomea, nikaandika kwa mkono. Kisha nikampigia fundi. "Hiyo ni sawasawa na zile nyingine. Izime, uiwashe." Nilishaizima na kuiwasha mara tatu!

Jamani, kuangalia si uchawi. Kwenye Windows bonyeza Start, andika ODBC. Zitatokea mbili, ya biti 32 na ya biti 64. Fungua zote, maana kila moja ina draiva zake. Nenda kwenye Drivers, soma jina na safu ya Version. Hubadilishi kitu, unasoma tu. Draiva hizo ndizo wakalimani kati ya programu yako na hifadhidata.

Ya kwetu iliandikwa ODBC Driver 18 for SQL Server, ya jirani 17. Si tofauti ndogo. Toleo la 18, lililotoka 2022, lisipoelekezwa vingine hutaka mawasiliano yafungwe kwa msimbo wa siri, na seva yenye cheti lisichokiamini huikataa. Nikamtajia fundi namba hizo. Akanyamaza kidogo. Baada ya robo saa majibu yakaanza kuingia.

Wapo watakaosema nesi abaki na wagonjwa, kompyuta awaachie mafundi. Kurekebisha ni kazi yao, sibishi, na sigusi. Lakini kusoma lebo ni kazi ya aliyepo hapo. Fundi yuko jengo la mbali, mgonjwa yuko mbele yangu.

Nanyi mafundi, msituambie "ni sawasawa" kabla hamjaangalia. Kwa dawa, neno hilo huua mtu.

Naomba kuwasilisha. Karibuni mnikosoe.