Athens yauza hadithi, Wakenya wauza miguu

KILA mwezi wa Novemba, matokeo ya mbio za marathoni za Athens, Ugiriki, huwasili katika vyumba vya habari vya Nairobi kupitia mashirika ya habari ya kimataifa. Mara nyingi taarifa hiyo huwa na jina la Mkenya, muda aliotumia na labda sentensi moja kuhusu hali ya anga. Huchapishwa chini ya habari za kandanda ya Uingereza, kisha husahaulika.

Hata hivyo, kuna maswali ambayo taarifa hizo hazijibu. Mbio hizo humfaidi nani hasa? Na Mkenya anayezishinda hupata fungu gani katika biashara hiyo?

Msomaji afahamu kwanza kwamba mbio za Athens hazifanani na zile za Berlin au Chicago. Katika miji hiyo miwili waandaaji huuza kasi. Barabara ni tambarare na wapo wanariadha wanaolipwa ili kuwaongoza wenzao kwa mwendo uliopangwa. Ndiyo maana Eliud Kipchoge alitumia saa 2:01:09 jijini Berlin mwaka 2022, naye marehemu Kelvin Kiptum akatumia saa 2:00:35 jijini Chicago mwaka 2023.

Athens huuza kitu tofauti kabisa. Mbio huanzia katika mji mdogo wa Marathon, karibu na uwanda ambako jeshi la Athens liliwashinda Waajemi mwaka 490 kabla ya Kristo. Baada ya kilomita chache, wakimbiaji huzunguka kaburi la pamoja la wanajeshi wa Athens waliouawa vitani humo, ambao mwanahistoria Herodotus aliwahesabu kuwa 192. Kuanzia takriban kilomita ya 10 hadi ya 31, barabara hupanda milima kwa namna inayomaliza nguvu hata za shujaa. Kisha huteremka hadi katikati ya jiji na kuishia ndani ya uwanja wa marumaru wa Panathenaic, uliotumiwa katika Olimpiki za kwanza za kisasa mwaka 1896.

Katika njia hiyo haiwezekani kuweka rekodi ya dunia. Kanuni za kimataifa zinataka umbali wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho wa mbio usizidi nusu ya urefu wa mbio zenyewe. Njia inayotoka mji mmoja hadi mwingine haiwezi kutimiza sharti hilo. Ni sababu iyo hiyo iliyomnyima Geoffrey Mutai rekodi mwaka 2011, alipotumia saa 2:03:02 huko Boston.

Ugumu wa Athens unadhihirika katika takwimu. Katika Olimpiki za mwaka 2004, Mwitaliano Stefano Baldini alishinda katika njia hiyo kwa saa 2:10:55. Mwaka 2014 Mkenya Felix Kandie akapunguza muda huo hadi 2:10:37. Ilipita miaka tisa kabla ya Mkenya mwingine, Edwin Kiptoo, kutumia 2:10:34 mwaka 2023. Sekunde tatu tu kwa miaka tisa!

Licha ya hayo, maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila pembe ya dunia humiminika huko kila mwaka. Wanachokifuata ni hadithi ya mjumbe aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi na kukata roho papo hapo.

Hadithi yenyewe ina walakini. Herodotus, aliyeandika miongo kadhaa baada ya vita hivyo, anamtaja mkimbiaji aliyetumwa Sparta kuomba msaada, safari ya zaidi ya kilomita 200. Hamtaji mjumbe yeyote aliyekufa baada ya kufika Athens. Kisa hicho kilijitokeza katika maandishi ya karne nyingi baadaye. Wazo la kukifanya kuwa mashindano lilitolewa na msomi wa Kifaransa, Michel Bréal, kwa ajili ya Olimpiki za 1896, ambapo Spyridon Louis, Mgiriki aliyekuwa akibeba maji kwa riziki yake, aliibuka mshindi. Hata umbali wa kilomita 42.195 haukutoka Ugiriki. Ulitumiwa mara ya kwanza katika Olimpiki za London mwaka 1908 na kuidhinishwa rasmi mwaka 1921.

Simulizi hii haikusudiwi kuwakejeli Wagiriki. La hasha! Inakusudiwa kuonyesha ustadi wao. Wamelichukua tukio la kale, wakalipamba, wakalihifadhi, na sasa linawalisha. Ikumbukwe kwamba mbio hizo hufanyika Novemba, wakati ambapo watalii wa kiangazi wamekwisha kurejea kwao na vyumba vya hoteli vimebaki vitupu. Mkimbiaji mgeni halipii usajili pekee. Hulipia ndege, malazi na chakula, huzuru Akropolis, hununua fulana, na aghalabu huandamana na mke au mume na watoto. Mtu wa makamo anayemaliza mbio kwa saa tano huliachia jiji hilo pesa, ilhali bingwa anayemaliza kwa saa mbili na dakika chache hulipwa. Kwa mizani ya biashara, mteja ni yule wa saa tano.

Mkenya basi yuko wapi katika mizani hiyo? Yeye ni kibarua. Mara nyingi nauli yake hutangulizwa na wakala, kisha hukatwa kutoka kwa zawadi. Wakala naye huchukua fungu lake, ambalo kwa kawaida ni asilimia 15. Nchi mwenyeji hukata kodi. Malipo yenyewe huweza kusubiri hadi matokeo ya uchunguzi wa dawa za kusisimua misuli yatolewe. Kabla ya yote hayo, lazima apate viza ya Ulaya, ambayo huenda ikachelewa au isitoke kabisa.

Zaidi ya hayo, thamani ya mwanariadha sokoni hupimwa kwa muda wake bora. Anayetumia saa 2:11 katika milima ya Athens huenda amefanya kazi ngumu kuliko aliyetumia 2:07 mahali tambarare, lakini mwandalizi wa mbio kubwa akitazama orodha atamwita yule wa 2:07. Kwa hivyo mbio za miji ya kihistoria humlipa Mkenya kiasi kidogo leo na hazimfungulii mlango wa kesho. Walionena kwamba mchumia juani hulia kivulini hawakuziona mbio hizi, ambazo mmoja huchuma juani na mwingine akalia kivulini.

Aidha, waandaaji wanajua kwamba wanaweza kuendelea bila sisi. Mwaka 2021, baada ya mbio za mwaka uliotangulia kufutwa kwa sababu ya corona, mshindi wa Athens alikuwa Mgiriki, Konstantinos Gkelaouzos, kwa saa 2:16:49. Alikuwa nyuma ya muda wa Kandie kwa zaidi ya dakika sita, ila biashara haikuporomoka, maana wageni hawakuwa wamelipia kasi.

Hali hii si ya Athens pekee. Huko Venice, Italia, mwaka 2017, kundi lililokuwa likiongoza, Wakenya wakiwemo, liliifuata pikipiki iliyotoka nje ya njia rasmi. Walipogutuka na kurudi, walikuwa wamepoteza takriban dakika mbili na ushindi ukawaponyoka. Ulimwendea Eyob Faniel, Mwitaliano mzaliwa wa Eritrea, ambaye hakuwa na hatia yoyote. Kosa halikuwa la wakimbiaji, lakini hasara ilikuwa yao.

Mwaka 2019 likazuka jambo zito zaidi katika Trieste, bandari kongwe ya Italia. Waandaaji wa nusu marathoni mjini humo walitangaza kwamba hawangewaalika wanariadha wa Afrika, wakidai kuwa mawakala huwanyonya kwa malipo duni. Kelele zilipigwa kote Italia, serikalini pia, na uamuzi huo ukabatilishwa upesi. Ulistahili kubatilishwa, kwani dawa ya unyonyaji si kumfungia mlango anayenyonywa. Hata hivyo, ghadhabu ilipopoa, lile dai la unyonyaji liliachwa likielea bila kuchunguzwa kwa kina, wala hapa kwetu hatukulivalia njuga.

Wapo watakaosema kwamba hata zawadi ndogo ya euro hubadilisha maisha ya familia huko Kapsabet au Iten. Ni kweli, na hakuna mwenye haki ya kumzuia kijana kuifuata. Lakini kijana huyo huyo, akiumia goti kabla ya mbio au akipotezwa njia na pikipiki, hurejea nyumbani na deni la nauli. Miongoni mwa mambo yanayowatumbukiza baadhi ya wanariadha katika matumizi ya dawa haramu ni hofu ya kukosa fungu hilo moja wanalolitegemea.

Mambo mawili yanawezekana. La kwanza ni mkataba. Shirikisho la Riadha Kenya lina uwezo wa kudai kwamba kila mwanariadha anayekwenda kushindana ng'ambo awe na mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, unaotaja makato yote, siku ya mwisho ya malipo, na nani atakayebeba hasara iwapo mwandalizi atakosea. Wakala anayekataa masharti hayo asiruhusiwe kuwachukua vijana wetu.

La pili ni kujifunza kuuza vya kwetu. Mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, zimethibitisha kwamba yawezekana. Barabara ni ya vumbi, hewa ni nyepesi na kasi ni ndogo, lakini wageni hulipa ili wakimbie katika makao ya faru na simba, na fedha hizo husaidia uhifadhi. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001 na Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011. Urithi tunao. Ambacho Athens inatuzidi ni subira ya kuandaa mbio zile zile, mwezi ule ule, katika njia iliyopimwa na kufungwa kwa magari, mwaka baada ya mwaka, hadi mgeni aweze kupanga likizo yake kwa kuzitegemea.

Hilo la pili litachukua miaka. La kwanza halihitaji marumaru wala bajeti ya serikali. Linahitaji wakuu wa riadha waketi na mawakala kabla ya msimu kuanza, na wasiinuke hadi karatasi itiwe saini.