Jumamosi ya Kwenda Quba
Kijana wa Tanga au Mombasa anayepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwa ameusoma mji huo madrasa tangu utotoni. Kilichobaki ni kuujua kwa miguu. Wenzake wapya, Mwindonesia, Msenegali na Mbosnia, ndio humtoa bwenini. Huanza na Quba, msikiti wa kwanza kujengwa katika Uislamu, na huenda Jumamosi kwa makusudi, maana ndiyo siku aliyozoea kwenda Mtume (S.A.W.), mara juu ya kipando, mara kwa miguu. Siku nyingine hufika Uhud, chini ya mlima ule mwekundu, walikozikwa Hamza na mashahidi wa vita vya mwaka wa 3 Hijria, na hapo hata msemaji wa kundi hunyamaza. Kuna pia stesheni ya zamani ya reli ya Hijazi, iliyoiunganisha Madina na Damascus mwaka 1908 kwa njia ya kilomita 1,300 hivi. Leo ni makumbusho. Wanne hao hawana lugha moja ya nyumbani, wana Kiarabu cha darasani tu, na Mswahili hufurahi kila mara maneno kitabu, safari na wakati yanapomrudia masikioni kwa matamshi ya Kiarabu. Wazazi huhimiza masomo, na hawakosei. Lakini kijana anayefunga mizigo mwaka huu azitunze Jumamosi zake, atafute wenzake, watembee.