VPN Isiwashwe kwa Mazoea

Simu ya mkononi imekwisha kuwa chombo cha kazi. Mwalimu wa Mpwapwa hupokea maagizo ya wilaya kwa simu. Ofisa wa wizara aliyeko Mtumba huomba likizo na kusoma hati yake ya mshahara kwa simu. Mnunuzi wa mahindi sokoni Kibaigwa hulipa na kulipwa kwa simu. Chombo kimoja kimebeba ofisi, benki na nyumba, na mwenye nacho hukitia mfukoni na kupanda nacho basi. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaweza kuchungulia yapitayo ndani yake si swali la mafundi peke yao. Ni swali la kila mtu aliyekabidhiwa dhamana.

Tunapenda leo kuzungumzia kitu ambacho wengi wetu tunacho katika simu zetu bila ya kukifikiria sana, nacho ni mtandao binafsi, unaojulikana zaidi kwa jina la VPN.

Historia yake katika nchi yetu inafahamika. Siku chache za mwishoni mwa Oktoba 2020, wakati wa Uchaguzi Mkuu, mitandao kadhaa ya kijamii haikupatikana kwa njia ya kawaida, na watu wengi wakajifunza kwa mara ya kwanza kutumia VPN. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, na elimu ile ile ikatumika tena. Watu walielekezana kwa haraka: pakua hii, bonyeza hapa, basi. Kijana alimwonyesha mzazi wake, na mwalimu akamwonyesha mwenzake katika chumba cha walimu. Hakuna aliyeuliza programu hiyo ni ya nani.

Linalotutia wasiwasi ni lile lililofuata baada ya haraka hiyo. Programu iliyowekwa usiku mmoja ili kusoma habari za siku moja imebaki ndani ya simu za watu wengi, imewashwa, miezi na hata miaka. Hati ya mshahara inapita humo. Benki inapita humo. Alama za wanafunzi na barua za ofisi zinapita humo. Jambo lililoanza kama dharura limegeuka kuwa mazoea, na mazoea yana taabu, kwani mtu haulizi tena kwa nini anafanya analofanya.

Hapana budi kwanza tuelewe chombo hiki kinafanya kazi gani. Kila mtumishi wa umma anaijua masijala na anamjua tarishi. Tuseme barua zako zote hupita mikononi mwa bawabu wa lango, naye, hata kama hawezi kuzifungua, husoma anwani zilizoandikwa juu ya bahasha. Ukiwasha VPN, unazitia barua zako zote katika mfuko uliofungwa kwa kufuli na kumkabidhi tarishi. Bawabu anaona mfuko tu. Tarishi anaupeleka ofisini kwake, pengine katika nchi nyingine, anaufungua, na kuzituma barua kwa wenyewe kana kwamba zimetoka kwake. Bawabu hapa ni kampuni ya simu au mwenye waifai. Tarishi ni mwenye VPN.

Kwa hiyo VPN haiondoi jicho, inalihamisha. Aliyekuwa akiziona anwani sasa hazioni, na asiyeziona kabla sasa anaziona. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye VPN ndiye kata. Anayeiwasha ameamua, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba anamwamini tarishi kuliko bawabu. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi, na unaweza kuwa kosa kubwa. Inategemea uko wapi, unafanya nini, na tarishi wako ni nani.

Tuanze na huyo tarishi. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na mitambo ya VPN haiundwi wala haiendeshwi bure. Programu isiyodai hata senti moja kwa mtumiaji hupata fedha zake mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo ni matangazo na taarifa za mtumiaji mwenyewe. Mwaka 2016 watafiti, wakiwamo wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, walizichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 38 zilikutwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikuyafunga kabisa mawasiliano ya mtumiaji. Maana yake ni kwamba baadhi ya mifuko ile haikuwa na kufuli.

Wala isidhaniwe kwamba ubaya huo ni wa kampuni ndogo zisizojulikana tu. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013 na kuwagawia watu VPN ya bure iliyotangazwa kuwa ya kuwalinda. Kumbe taarifa za watumiaji hao zilikusanywa na kutumika kwa manufaa ya biashara ya Facebook yenyewe. Mwaka 2023 mahakama nchini Australia iliziamuru kampuni mbili tanzu za Meta kulipa jumla ya dola za Australia milioni 20 kwa kuwapotosha wananchi kuhusu jambo hilo. Katika lugha tuliyoizoea, huo ni unyonyaji. Kupe hakuja na mrija mkononi; alikuja amevaa sare ya mlinzi.

Sasa, ni lini yafaa kuiwasha?

Yafaa kuiwasha unapotumia waifai usiyomjua mwenyewe: katika nyumba ya wageni, katika mgahawa, stendi au ukumbi wa mkutano. Hapo bawabu ni mtu usiyemfahamu, na huenda hata jina la waifai hiyo limebandikwa na mlaghai. Ni kweli kwamba benki na tovuti nyingi za siku hizi huyafunga mawasiliano yao zenyewe, lakini VPN ya kuaminika huongeza kinga na huficha tovuti unazozitembelea. Hata hivyo ipo njia rahisi zaidi: zima waifai, utumie kifurushi chako mwenyewe. Kwa kazi ya dakika tano njia hiyo inatosha, wala haihitaji programu yoyote.

Yafaa pia kuiwasha pale kazi ya ofisi inapodai hivyo, nayo iwe VPN iliyotolewa na ofisi. Chombo hiki kilibuniwa katika miaka ya 1990 hasa kwa kazi hiyo, ili mfanyakazi aliye safarini aweze kuifikia mitambo ya kazini kwa usalama. Tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, tunayo Mamlaka kamili inayosimamia matumizi ya teknolojia katika taasisi za umma. Mtumishi anayetaka kufungua jalada la kazi akiwa Bahi au Manyoni amwulize ofisa wa TEHAMA wa taasisi yake. Kupitisha nyaraka za Serikali katika VPN ya bure iliyookotwa mtandaoni ni sawa na kumkabidhi mpita njia mfuko wa barua za siri kwa kuwa tu amejitolea kuubeba.

Na ni lini yafaa kuizima? Unapoingia benki kwa mtandao wako mwenyewe, huna sababu ya kumpitisha mtu wa tatu. Zaidi ya hayo, benki ikiona mteja wake wa Dodoma anaonekana yuko Uholanzi au Singapore, inaweza kumshuku na kumfungia huduma. Tena zipo shughuli ambazo VPN haizigusi kabisa. Malipo ya simu yanayofanywa kwa kubonyeza nyota na alama ya reli hayapiti katika intaneti. Wala simu ya kawaida na ujumbe mfupi havipiti humo. Mlaghai anayetuma ule ujumbe maarufu wa kusema ile pesa itumwe kwenye namba hii hazuiwi na VPN yoyote. Anazuiwa na akili ya anayeusoma.

VPN pia haimfanyi mtu asijulikane. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Aliyeingia katika akaunti yenye jina lake na picha yake amejitambulisha mwenyewe, hata kama mfuko umepitia nchi kumi. Wala haifungui njia isiyokuwapo. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, hadi iliporejeshwa mwanzoni mwa Novemba, tarishi hakuwa na barabara ya kupita, na walioitegemea VPN walikaa kimya pamoja na wasiokuwa nayo.

Hapa tunafika kwenye suala la sheria, ambalo wengi hulizungumza kwa kunong'ona. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilikataza kumiliki au kusambaza programu inayomsaidia mtu kuyafikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Tarehe 13 Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watu na makampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na anwani zao za mtandao. Aliyekiuka alikumbushwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Tangazo hilo halikusema kwamba kila VPN ni haramu. Lakini liliwaacha wananchi wengi na swali ambalo wanastahili kujibiwa. Kampuni yenye ofisi inaweza kuwa na anwani ya mtandao isiyobadilika na kuiandika katika fomu. Simu ya mwalimu haiko hivyo. Anwani yake hubadilika mara kwa mara, leo moja na kesho nyingine, na mwenyewe haijui. Je, mwalimu wa Kondoa aliyewasha VPN katika nyumba ya wageni ili kulinda barua zake anatakiwa kutoa taarifa? Anwani ipi aiandike? Akinyamaza, amekuwa mkosaji?

Swali hili lina uzito kwa sababu sheria nyingine za nchi zinamtaka mtu huyo huyo ajilinde. Katiba yetu, katika ibara za 16 na 18, inayapa hifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamdai kila anayetunza taarifa za wengine azihifadhi kwa usalama. Mwalimu mkuu mwenye orodha ya wanafunzi na simu za wazazi wao ni miongoni mwa hao. Hatuwezi kumwambia mtu afunge mlango, kisha tumtilie shaka kwa kukutwa na kufuli. Katika tembe za Ugogo mlango hufungwa usiku na ng'ombe wakiwa ndani, na hakuna jirani anayeuliza mwenye nyumba ameiba nini.

Majirani zetu wa Uganda walipita njia hii. Julai 2018 waliweka kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii. Watu wengi wakaikimbia kodi kwa kutumia VPN, na mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Funzo lake ni wazi. Kila mlango unapofungwa kwa ghafla, umma hukimbilia dirisha la kwanza ulionalo, wala hauangalii ni dirisha la nyumba ya nani. Ufungaji wa mitandao huwasukuma watu wasio na hatia mikononi mwa wafanyabiashara wa taarifa, na hasara hiyo hubaki hata baada ya mlango kufunguliwa.

Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka husika itoe mwongozo mfupi, kwa Kiswahili cha kila siku, unaotenganisha wazi mambo mawili: VPN ya kulinda taarifa, na VPN ya kutenda kosa. Mwongozo huo ubandikwe katika kila ofisi na kila chumba cha walimu. Sheria isiyoeleweka haimzuii mhalifu, ambaye amekwisha kuamua. Inamtia hofu mwaminifu, ambaye angependa kutii.

Nasi, tusisubiri mwongozo ndipo tusafishe simu zetu. Kila mmoja afungue mipangilio ya simu yake leo na atazame kama kuna VPN inayofanya kazi. Kwenye simu nyingi za Android alama ndogo ya ufunguo juu ya kioo humwambia. Ajiulize: Ni ya nani? Inapata wapi fedha zake? Imeomba ruhusa ya kuona majina ya watu wangu na ujumbe wangu, na ya nini? Hapa nilipo, namficha nani, na namwamini nani badala yake? Na je, hili ninalolifanya ningeweza kulieleza mbele ya mkuu wangu wa kazi na mbele ya sheria?

Asiyekuwa na majibu aifute. Mwenye majibu aiwashe inapohitajika, na kazi ikiisha aizime.