Tunawaambia mfanye mazoezi, baiskeli mtaiweka wapi?

Jumapili iliyopita nilizuiwa getini kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimeendesha baiskeli kutoka Sinza kwenda upande wa Masaki kutazama maonyesho ya picha za kuchora. Mguu mmoja wa suruali nimeukunja na kuubana kwa mpira ili usiingie kwenye cheni, shati limelowa mgongoni. Mlinzi akanitazama kuanzia viatu hadi kofia ngumu, akaniuliza: "Mzee, umeleta mzigo wa nani?"

Nikamjibu nimejileta mwenyewe, nimekuja kutazama picha. Akacheka, kwa heshima lakini, kisha akanionyesha nguzo ya umeme ng'ambo ya mtaro. Ndani ya ukuta palikuwa na nafasi ya magari kama 20, na yaliyokuwepo hayakufika sita. Baiskeli, alisema, hairuhusiwi kwa sababu inaharibu mandhari.

Kijana wa watu ametumwa, sina ugomvi naye. Ila picha zile nilizitazama roho ikiwa juu, kila baada ya dakika chache nachungulia dirishani kuona kama baiskeli bado ipo. Na ukutani zilikuwepo picha za mtindo wa Tingatinga. Msomaji, unajua Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi gani? Rangi ya kupaka baiskeli, ile inayong'aa, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Wale tembo na ndege ambao wageni wanawabeba hadi Ulaya walianza maisha yao kwenye kopo la rangi ya baiskeli. Baiskeli yenyewe imefungwa kwenye nguzo, nje, juani.

Utasema: daktari, hii ni safu ya afya, mbona unatuletea malalamiko ya getini? Nitakwambia.

Siku tatu kabla ya hapo nilikaa kliniki na mama mmoja mwenye sukari na presha, umri wake miaka 50 na kidogo. Nikamwambia yale tunayowaambia wote: mama, punguza chumvi, meza dawa kwa wakati, fanya mazoezi. Akanitazama, akauliza neno moja tu: "Wapi?" Anaishi chumba kimoja uswahilini, anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda sokoni, anarudi giza limeingia. Njia ya kwao haina taa wala pa kupita mtu kwa miguu. Nilibaki na kalamu mkononi.

Msimamo wangu ni huu, na wenzangu wa koti jeupe watanisamehe. Tukimwandikia mgonjwa "fanya mazoezi" bila kuuliza atayafanyia wapi, tumemwandikia dawa ambayo haiko katika duka lolote. Halafu akirudi baada ya miezi mitatu sukari iko palepale tunamwita mvivu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Mazoezi ya wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwa baiskeli nusu saa hiyo ni kwenda kazini na kurudi, au kwenda kwa shangazi. Tena baiskeli inabeba uzito wako, magoti hayapati kishindo kama cha kukimbia, kwa hiyo hata mtu mnene au mwenye maumivu ya goti anaimudu. Msuli unaofanya kazi unachukua sukari kutoka kwenye damu, na presha nayo kwa wengi hushuka pointi kadhaa mtu akidumu. Kudumu ndiyo shida.

Mimi nilianza baiskeli baada ya mwenzangu kunipima presha kwa mzaha, na namba zilipotokea hakuna aliyecheka. Wiki mbili za mwanzo nilizunguka uwanja wa mpira kama punda wa kinu. Ya tatu nikaacha. Kilichonirudisha ni safari. Jumapili moja nilikwenda Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, nikaingia kwenye nyumba ya msonge ya Wahaya, baridi yake ndani utadhani kuna feni, nikatoka nikaingia kwenye tembe ya Wagogo. Jumapili iliyofuata nikaenda Mwenge kuwaangalia wachonga vinyago wakichonga mpingo. Nyingine nikavuka na pantoni kwenda Kigamboni, baiskeli nimeishika mkononi katikati ya watu na matenga ya samaki. Miezi ikapita sijaona kama nafanya mazoezi. Kwa hiyo mgonjwa wangu wa siku hizi simwambii zunguka uwanja. Namuuliza: ni wapi mjini hapa hujafika muda mrefu na ungependa kufika?

Sasa, njiani. Yeyote anayeendesha baiskeli Dar es Salaam anazijua hizi kwa moyo. Bodaboda anakupita kushoto huku akikuangalia usoni. Daladala linakukata mbele bila taa ya kuashiria, konda anakupigia bati uhame, uhamie wapi, mtaroni? Sehemu ya pembeni ya barabara ambayo ungepita imepangwa viatu vya mtumba, na mwenye viatu anakuona wewe ndiye umeingia dukani kwake. Mvua ikinyesha, shimo na dimbwi vinafanana. Na jirani anakusalimia kwa huruma, "Pole daktari, gari limeharibika?" Hata neno bodaboda lilizaliwa na baiskeli, zile zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia. Pikipiki imechukua jina, imechukua na barabara. Mtu pekee anayenifurahia ni fundi wa pancha wa chini ya mwarobaini, na yeye ana sababu zake.

Hayo ni ya kuudhi tu. Kuna yasiyochekesha. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mwendo wa juu kisheria kwenye makazi ya watu hapa kwetu ni kilomita 50 kwa saa, na mwenye baiskeli aliyegongwa na gari hana bati wala mkanda wa kumkinga. Ndiyo maana sitamlaumu mzazi anayemkataza mwanawe kupeleka baiskeli barabara kuu. Namwelewa. Ila asimfungie ndani na simu. Kuna viwanja vya shule, kuna mitaa ya nyuma, kuna asubuhi ya Jumapili kabla magari hayajaamka.

Kuna jeraha moja ambalo wazazi wengi hawalifikirii, nalo halihitaji gari wala bodaboda. Ni mguu wa mtoto kuingia kwenye spoki.

Mwaka huu niliwahi kumpokea mtoto wa miaka minne. Baba yake alikuwa amempakia kwenye keria kumpeleka kwa bibi, mtoto kavaa kandambili, miguu inaning'inia. Mwendo ulikuwa wa taratibu kabisa, barabara ya vumbi, hakuna aliyewagonga. Mtoto alisinzia, mguu ukaingia kwenye gurudumu, spoki zikausukuma hadi ukabanwa kwenye fremu. Baba alisikia baiskeli inakuwa nzito, akakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi. Alipokuwa akinisimulia sentensi hiyo alishindwa kuimaliza, na mimi sikumlazimisha.

Nyumbani waliona mchubuko mdogo kisiginoni, wakapaka dawa ya meno, wakafunga kitambaa. Siku ya nne kisigino kikawa cheusi. Hiyo ndiyo hila ya jeraha hili. Ngozi na nyama ya kisigino husagwa na kunyimwa damu, lakini siku ya kwanza juu panaonekana pazima. Nyama hufa taratibu kwa siku kadhaa, na chini yake mshipa mnene wa kisigino unaweza kuwa umekatika, au mfupa umepasuka. Mtoto yule alikaa wodini wiki kadhaa na akapandikizwa ngozi. Sasa anatembea, namshukuru Mungu, anachechemea kidogo.

Kwa hiyo, baba na mama, nisikilizeni hapa hata kama mengine yote mtayasahau. Mtoto asipakiwe kwenye keria tupu. Awe na kiti chake chenye mgongo, mkanda, na mahali pa kukanyagia palipokingwa ili mguu usifike kwenye gurudumu. Kama kiti hakipatikani, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kufunga wavu au bati pande zote mbili za gurudumu la nyuma na kuweka vyuma vya kukanyagia, lakini hapo awe mtoto mkubwa anayeweza kushika na kufuata maelekezo. Avae viatu vya kufunika mguu. Akianza kusinzia, simama, shuka, kokota. Na msiwakalishe mbele kwenye bomba, kwani mguu ukiingia gurudumu la mbele mnaruka wote wawili, naye ndiye anayetangulia chini. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hana kazi kwenye baiskeli, shingo yake bado.

Ikitokea, usiuvute mguu. Zungusha gurudumu kinyume polepole, au spoki zikatwe kwa koleo. Osha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Atapigwa picha, ataangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda, na atapangiwa kurudi baada ya siku mbili tatu ili ngozi itazamwe tena. Rudini. Dawa ya meno ibaki kwenye meno.

Kofia ngumu nayo si ya wazungu peke yao. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ubane chini ya kidevu, isiende nyuma kama baraghashia ya bwana harusi. Za mtumba zipo, lakini ikague ndani na nje, na ikiwa na ufa iache. Iliyowahi kupigwa kishindo kikubwa imeshamaliza kazi yake.

Kwa mgonjwa anayetaka kuanza, machache. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sana sukari, apime kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza. Mfukoni awe na glukosi au soda ya kawaida, ile yenye sukari, na jasho jembamba na kutetemeka vikianza asimame papohapo, asijidai kumalizia mlima wa Kimara. Viatu vya kufunika ni lazima, maana mguu wenye ganzi hausemi ukijeruhiwa. Mwenye presha iliyopanda hadi 180 kwa 110 au zaidi asipande baiskeli, aje kliniki kwanza. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si nyumbani kabatini, na apite mitaa ya nyuma mbali na moshi wa malori. Kifua kikibana au maumivu yakipanda shingoni na mkononi, shuka, kaa kivulini, tafuta msaada, usiendelee kwa sababu tu umebakiza kidogo kufika.

Halafu kiti. Wengi wanaolalamika kuwa baiskeli imewaumiza magoti wamekaa chini mno. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti liwe limekunjika kidogo tu. Fundi wa chini ya mwarobaini anaipandisha kwa dakika mbili, na mara nyingi hatozi.

Nirudi kwa yule mama. Wiki hii alikuja kuchukua dawa, nikamuuliza kama amepata pa kufanyia mazoezi. Akasema mwanawe ana baiskeli ya kubebea mkaa, na yeye utotoni kijijini aliwahi kuendesha hadi mashineni na debe la mahindi nyuma. Anaona aibu tu, mtu mzima na khanga zake. Tumekubaliana aanzie kiwanja cha shule jirani, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, mwanawe akiwepo. Akizoea anataka kwenda kanisani kwa baiskeli. Swali lake la pili lilikuwa hili: "Nikifika nitaifunga wapi?"

Sikuwa na jibu, na kliniki yetu pia haina pa kufungia baiskeli. Asubuhi ya jana nilikwenda kwa mkubwa wangu wa kazi, nikamwomba vyuma vitatu vya kuchomelea karibu na kibanda cha mlinzi. Akasema niandike barua. Nimeiandika. Nakala nimeipeleka pia kule kwenye picha, na mlinzi aliipokea getini kwa mikono miwili, akaniuliza kama leo nimekuja na gari.