Familia ikipanda meli, na mtoto ahesabiwe

Msimu wa likizo na sikukuu ni msimu wa safari. Wapo wachache wenye uwezo ambao huwapeleka watoto wao kwenye meli kubwa za kitalii, zenye mabwawa ya kuogelea, kumbi za sinema na chakula saa yoyote. Kwa wengi wetu safari ya familia majini ni ile ya Dar es Salaam kwenda Unguja, Unguja kwenda Pemba, Mwanza kwenda Bukoba au Bugolora kwenda Ukara, mtoto mgongoni na furushi kichwani. Hoja yangu ni kwamba safari hizi mbili, ya tajiri na ya mlalahoi, zinapaswa kulingana katika jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila aliyemo chomboni, hata mtoto mchanga, ahesabiwe na aonyeshwe namna ya kujiokoa kabla nanga haijang'olewa.

Tuanze na wenye nacho. Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya kitalii ya Costa Concordia, iliyokuwa na watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia. Watu 32 walikufa, mdogo kuliko wote akiwa mtoto wa miaka 5. Ilikuwa meli kubwa na ya kisasa. Kilichokosekana ni uongozi na maandalizi. Abiria waliambiwa kuwa ni hitilafu ya umeme tu. Mamia waliopanda siku ile ile walikuwa hawajafanya zoezi la kujiokoa, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Nahodha, aliyeondoka melini wakati abiria wengi bado wamo, alihukumiwa kifungo cha miaka 16.

Baada ya msiba huo kanuni zilibadilishwa. Tangu Januari 1, 2015, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ujulikanao kama SOLAS, unataka abiria wapya wafanyishwe zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mkataba huo unataka pia jaketi za kujiokolea za watoto zisipungue asilimia 10 ya idadi ya abiria, na zaidi ya hapo ikibidi, ili kila mtoto apate yake. Kwa watoto wachanga ni angalau asilimia 2.5 katika safari zisizofika saa 24, na katika safari ndefu kila mchanga sharti awe na yake.

Sasa tuje kwetu. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, orodha ya majina ilikuwapo kwa abiria wa daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Ndiyo maana hadi leo tunazungumza kwa makadirio, kati ya watu 800 na 1,000. Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, siku chache baada ya Idd, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Uwezo wake ulikuwa kiasi cha watu 600. Uchunguzi ulionyesha kuwa ilibeba zaidi ya 2,000. Septemba 20, 2018, siku ya mnada Bugolora, kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa abiria 101 kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Hesabu ya waliopanda ilikuwa ngumu kupatikana, kwani mkata tiketi alikufa maji na mashine yake ikazama naye.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo hasa chombo kinavyojazwa. Hakuna nahodha anayeamka asubuhi akikusudia kubeba watu mara mbili ya uwezo. Anaongeza mmoja, kisha mwingine, na kila mmoja ana sababu yake ya haki. Faida ya huyo mmoja inaonekana papo hapo: mwenye chombo anapata nauli, abiria anafika nyumbani. Hasara yake inagawanywa kwa wote waliomo, na haionekani mpaka siku ya msiba. Sisi wachumi tunajua kwamba biashara ya namna hiyo haijirekebishi yenyewe. Abiria hawezi kuona usalama kwa macho wakati wa kununua tiketi. Anachoona ni nauli na saa ya kuondoka. Lazima pawe na mtu wa tatu langoni, asiyelipwa kwa idadi ya tiketi, mwenye mamlaka ya kusema imetosha.

Hata hivyo, abiria nao wasijitoe lawamani. Anayenunua tiketi kwa mlanguzi kwa jina la mtu mwingine anaifanya orodha kuwa uongo. Anayeketi juu ya sanduku la jaketi, au kuziba njia kwa matenga ya nyanya, anamzibia mwanawe njia ya kutokea. Wanaokimbilia ubavu mmoja chombo kinapokaribia gati wanakiyumbisha kikiwa kimejaa. Mjini Mombasa abiria 272 walikufa kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Aprili 29, 1994, kikiwa kimejaza kupita kiasi. Wako pia wazazi wanaodhani kuwa wakishalipa nauli, mtoto ni wa wahudumu. Hata kwenye meli za kitalii si hivyo. Kwa miaka mingi meli nyingi za aina hiyo hazikuwa na waokoaji kwenye mabwawa ya kuogelea, na kampuni kubwa ya Royal Caribbean ilianza kuwaweka mwaka 2017.

Liko swali ambalo wasomaji wa kurasa hizi, wakulima na wafanyabiashara wa mazao, wana haki ya kuliuliza: nikiambiwa kivuko kimejaa, dagaa wangu na ndizi zangu nizipeleke wapi? Hapa ndipo tunapokosea tukidhani kuwa ajali za majini ni suala la polisi na manahodha peke yao. Mama aliyetoka mnadani anajisukuma kupanda kwa sababu akilala gatini mzigo utaharibika, na hana mahali pa kumlaza mtoto. Mahali pasipo na banda, ghala wala safari ya pili, katazo la kupanda ni adhabu kwa maskini, na katazo la namna hiyo halidumu hata wiki moja.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila mtoto apewe tiketi yenye jina lake, hata kama nauli yake ni bure, na ahesabiwe katika idadi ya juu ya abiria. Nakala ya orodha ibaki nchi kavu kabla chombo hakijaondoka. Pili, dakika tano kabla ya kuondoka zitumike kuonyesha, kwa Kiswahili na kwa vitendo, jaketi ziko wapi na ya mtoto inafungwaje. SOLAS ni mkataba wa safari za kimataifa, lakini hakuna kinachozuia Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar kudai hilo kwa safari za ndani. Tatu, mzigo upimwe kwenye mizani na utenganishwe na watu. Siku za mnada pawe na safari ya ziada ya mizigo. Nne, halmashauri zijenge banda lenye kivuli na ghala dogo kwenye kila gati linalopokea mazao, zikitumia sehemu ya ushuru zinaokusanya mnadani.

Wapo watakaosema kuwa dawa ni meli kubwa zaidi. Ni kweli tunazihitaji, na MV Mwanza iliyojengwa Mwanza kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo ni hatua ya kupongezwa. Lakini ukubwa wa meli haufuti mazoea. Meli ya watu 1,200 ikipandishwa kwa utaratibu ule ule wa Spice Islander, tutakuwa tumeongeza ukubwa wa msiba tu.

Ndugu msomaji, utakapofika gatini na familia yako sikukuu ijayo, muulize mkata tiketi swali moja: mwanangu ameandikwa? Akikujibu kuwa watoto hawaandikwi, usipande mpaka aandikwe.